Majengo ya Sinclair Mjini Unguja: Matembezi kwa Walimu na Wanafunzi

Ziko njia mbili za kujifunza habari za mji. Ya kwanza ni kusoma vitabu. Ya pili ni kuuzunguka mji kwa miguu pamoja na kiongozi aujuaye, na kusimama mbele ya kila jengo kwa utulivu. Njia hii ya pili yawafaa sana walimu, maana kijana hukumbuka alichokiona kuliko alichoambiwa. Katika makala haya twaeleza matembezi ya asubuhi moja katika Mji Mkongwe wa Unguja, yafuatayo kazi ya msanifu wa majengo John Houston Sinclair. Njiani liko swali moja la kuulizwa: mgeni akiyaazima maumbo ya ujenzi wa wenyeji, je, huwa ameazima na maana zake?

Sinclair alikuwa Mwingereza, naye alifika Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Unguja ilikuwa imewekwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Baada ya hayo serikali ilihitaji ofisi, mahakama na makazi ya wakubwa wake. Sinclair hakuyachora majengo hayo kwa sura ya Ulaya tupu, bali aliyavika kuba, matao na nakshi zifananazo na za nchi za Kiislamu. Yeye mwenyewe alipanda cheo hata akawa Balozi wa Kiingereza Unguja, tangu mwaka 1922 hata 1924.

Kabla ya kuanza safari, yafaa wanafunzi wazijue kwanza nyumba za kale za mji, wapate kipimo cha kulinganishia. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3, lakini virefu. Hivyo mti wa pwani ndio uliopima chumba cha tajiri na cha maskini pia. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza, yaani kikalio cha mawe kando ya njia, ambapo mwenye nyumba na mpita njia walikaa pamoja. Neno hilo baraza limekuwa na maana ya pili, nayo ni mkutano wa watu wakatao shauri. Mahali pa kukaa pamelipa jina lake jambo lifanyikalo hapo.

Basi na tuanzie Shangani, kwenye jengo la Posta, kisha tufuate njia ya kwenda Vuga. Hapo twaliona jengo lililojengwa kuwa Mahakama Kuu, lililokamilika mwaka 1908. Lina kuba na matao mazuri, wala hapana awezaye kusema kwamba mchoraji wake hakuyatazama majengo ya Waarabu. Lakini mwalimu na awaulize wanafunzi: baraza liko wapi? Nyumba ya mji imeshikana na jirani zake na kumkaribisha mpita njia; jengo hili limejitenga na nyumba nyingine, na mwenye shauri hana budi kupanda aingie ndani. Karibu na hapo ni Ikulu, iliyojengwa mwaka 1903 kuwa makazi ya mwakilishi wa Uingereza. Nyumba ambayo Sinclair aliwachorea wengine, mwisho ikawa makazi yake mwenyewe.

Tukishuka Mnazi Mmoja twafika Beit el-Amani, maana yake Nyumba ya Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa kwisha kwa vita vya 1914 hata 1918, likafanywa nyumba ya makumbusho. Ni jeupe, lenye kuba kubwa, na mgeni asiyeambiwa huweza kulidhania kuwa msikiti. Toka hapo twafuata barabara ya Benjamin Mkapa, iliyoitwa zamani Creek Road, tupate kuliona jengo la Bharmal, nalo pia ni kazi yake. Barabara hii ilikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa. Ndiyo sababu upande wa pili huitwa Ng'ambo, na mahali palipokuwa na daraja pangali paitwa Darajani. Maji yamekwisha, majina yamebaki.

Wako wamsifuo Sinclair kwa kuiheshimu sanaa ya pwani. Wako wasemao kwamba aliufunika utawala wa kigeni kwa vazi la wenyeji. Sisi twaona kwamba aliyachukua maneno ya ujenzi, akayapanga kwa sarufi nyingine. Kuba katika pwani hii ilikuwa ya mahali pa ibada na makaburi ya watu watukufu. Yeye aliiweka juu ya hakimu. Mwanafunzi akilitambua hilo kwa macho yake, amefahamu habari za utawala ule kuliko kwa kukariri miaka.

Matembezi haya yana haja ya sasa pia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Majengo ya mawe na chokaa hupumua: maji yaingiayo ukutani hutoka tena kupitia chokaa. Yakipakwa saruji kwa nje, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huoza pasipo mtu kuona. Kwa hiyo kiongozi wa matembezi asitaje jina la msanifu peke yake. Na awaonyeshe vijana lipu iliyobambuka, awaeleze jinsi chokaa inavyochomwa na kulowekwa, na ikiwezekana awakutanishe na fundi mwashi mzee aijuaye kazi hiyo. Majina ya mafundi waliosimamisha kuba hizi hayakuandikwa ukutani, lakini ujuzi wao ndio utakaozihifadhi.