Mjamzito akianguka na pikipiki: kwa nini asirudi nyumbani mara moja

Mjini Bunia, jimboni Ituri, Kongo, pikipiki ndiyo basi, ndiyo teksi, na mara nyingi ndiyo ambulensi. Mama mjamzito anayetoka Mudzi-Pela au Nyakasanza kwenda CPN (kliniki ya wajawazito) hukaa nyuma ya motari, mara nyingi kiubavu, kitenge kimekazwa, mfuko mkononi. Kofia ngumu haipo, au ipo kichwani kwa dereva peke yake. Mbuzi akikatiza Boulevard de la Libération, au lori likipita bila kupunguza mwendo, wote wawili wako chini. Watu wanakimbilia, wanamwinua, wanampangusa vumbi. "Pole mama, umeumia wapi?" Anajishika tumbo, anasikilizia kidogo, anajibu kwamba ni goti tu. Motari anaomba msamaha, anatoa falanga za dawa, na kila mmoja anashika njia yake.

Goti lililochubuka linaonekana. Jeraha linaloweza kumuua mtoto, na wakati mwingine mama mwenyewe, halionekani.

Baada ya ajali ya barabarani, madaktari wa uzazi huogopa zaidi kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati wake. Mfuko wa uzazi ni msuli: ukigongwa hubonyea, kisha hurudi mahali pake. Kondo halinyumbuki hivyo. Mfuko ukibonyea na kurudi ghafla, kondo hushindwa kuufuata, nalo hubanduka kidogo au lote kutoka kwenye ukuta lililoshikamana nao. Damu hujaa katikati. Pengine hutoka ukeni, pengine hujikusanya ndani pasionekane hata tone. Mtoto hupata oksijeni kupitia kondo hilo tu, kwa hiyo kadiri linavyobanduka ndivyo anavyokosa pumzi.

Katika ajali kubwa, hali hiyo inaweza kuwapata hadi wajawazito 40 au hata 50 kati ya 100. Katika ajali ndogo ni 1 hadi 5. Idadi hii ya pili inaweza kuonekana ya kupuuzwa, lakini ajali ndogo ndizo nyingi, na ndizo ambazo mama hurudi nyumbani bila kuguswa na mkunga.

Presha nzuri isiyoaminika

Mjamzito ana damu nyingi kuliko alivyokuwa kabla ya mimba. Miezi ya mwisho huongezeka kwa karibu nusu. Ni akiba ya siku ya kujifungua. Akiumia, akiba hiyo humlinda, lakini pia humdanganya anayempima. Anaweza kupoteza lita moja na nusu ya damu kabla presha haijashuka waziwazi. Katika muda huo mwili wake umekwisha kuchagua: hubana mishipa ya mfuko wa uzazi ili moyo na ubongo wa mama visikose damu. Anayeanza kuteseka ni mtoto, huku muuguzi akiandika kwenye fishi kwamba presha ni ya kawaida.

Kwa sababu hiyo mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa baada ya ajali hata kama mama anaongea na kucheka. Moyo wa mtoto ukienda mbio kupita kiasi au ukipungua, huenda hiyo ikawa dalili ya kwanza kwamba mama anavuja damu ndani.

Namna ya kumlaza nayo ina uzito wake. Kuanzia wiki ya 20, mfuko unapofika usawa wa kitovu, mjamzito aliyelazwa chali hugandamizwa mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha hushuka, anasikia kizunguzungu, na mtoto anapungukiwa. Dawa yake haina gharama: alazwe ubavu wa kushoto. Ikiwa anashukiwa kuumia shingo au uti wa mgongo, asipindwe mwili. Afungwe kwenye ubao, au hata kwenye mlango uliong'olewa, kisha kitenge kilichokunjwa kiwekwe chini ya ubao upande wa kulia mpaka uinamie kushoto kidogo. Ubao usipokuwepo, mtu mmoja alisukume tumbo upande wa kushoto kwa mikono miwili, taratibu, na aendelee hivyo njia nzima.

Mama kwanza

Ndugu wanaofika hospitalini huuliza habari za mtoto kabla ya chochote kingine. Daktari hufuata utaratibu mwingine: njia ya hewa ya mama, pumzi yake, damu yake, ndipo tumbo. Mtoto aliye tumboni hana tiba bora kuliko mama aliyetulizwa. Hupewa oksijeni mapema, hutundikiwa dripu, hutafutiwa kundi la damu. Akiwa anavuja damu nyingi, dawa iitwayo asidi ya traneksamiki husaidia, mradi itolewe ndani ya masaa matatu tangu aumie. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulithibitisha kwamba hupunguza vifo vya majeruhi wanaotokwa damu. Dawa hiyo hiyo wakunga wengi wanaijua kwa wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua.

Kuna woga mmoja unaochelewesha matibabu bila sababu, nao ni woga wa radio (eksirei). Mama amevunjika mguu, anakataa kupigwa picha kwa kuogopa mtoto atazaliwa na kasoro. Madhara ya mionzi kwa mimba hayajaonekana kwa kipimo kilicho chini ya miligrei 50. Picha ya kifua humfikishia mtoto chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja, na ya mguu haimwelekei kabisa. Nyonga au mguu uliovunjika ukikaa bila kutibiwa ni hatari kubwa zaidi kwao wote wawili.

Sindano ya pepopunda nayo ni salama katika mimba, na barabara za vumbi na kinyesi cha mifugo ni mahali pa kuihitaji.

Masaa manne

Mimba ikifika kama wiki 24, umri ambao mtoto anaweza kuishi nje akipata huduma, kanuni inayofuatwa na madaktari wa nchi nyingi ni kwamba mjamzito aliyegongwa au kuanguka aangaliwe kwa angalau masaa manne, hata asipokuwa na jeraha. Kondo likibanduka, mara nyingi dalili hujitokeza katika masaa ya mwanzo. Tumbo likianza kukaza mara kwa mara, likiwa gumu au likiuma likibonyezwa, damu au maji yakitoka ukeni, au moyo wa mtoto ukibadilika, muda huo huongezwa hadi masaa 24.

Hospitali kubwa hutumia mashine inayochora mapigo ya mtoto na mikazo ya tumbo kwa pamoja. Isipokuwepo, kazi haisimami. Mkunga huweka kiganja juu ya tumbo na kuhesabu mikazo. Huweka sikio kwenye kifaa cha mbao kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard katika karne ya 19, kifaa ambacho hakihitaji umeme, na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa kati ya 110 na 160, huandika, husubiri kidogo, hurudia. Mlolongo wa vipimo ndio unaosema ukweli; kipimo kimoja hakitoshi.

Ekografi haiwezi kuchukua nafasi ya subira hiyo. Inaonyesha kama mtoto yu hai, ana umri gani na kondo limekaa wapi. Lakini kwa kondo lililobanduka, hukosa kuliona katika zaidi ya nusu ya wagonjwa, kwa sababu damu mbichi hufanana sana na kondo lenyewe kwenye kioo. Mama anayeambiwa "eko ni nzuri, nenda nyumbani" dakika 20 baada ya kuanguka hajapimwa kikamilifu.

Mimba ikiwa changa zaidi ya hapo, mtoto hawezi kuokolewa kwa kuzalishwa, lakini mama bado anastahili kupimwa. Na kwa umri wowote wa mimba kundi la damu liangaliwe. Wanawake wenye Rhesus hasi ni wachache katika Afrika, hivyo husahaulika upesi. Ajali inaweza kuchanganya damu ya mtoto na ya mama, na mwili wa mama ukaanza kutengeneza kinga itakayoshambulia mimba zijazo. Sindano ya anti-D ndani ya masaa 72 huzuia hilo.

Wapi, na kwa nani

Ituri ina zone za afya 36, na mama akipata ajali mara nyingi hupelekwa kwenye kituo kilicho karibu. Kama anavuja damu, anapumua kwa shida au hajitambui, kituo hicho kizuie damu, kimfungie dripu na kumpeleka mbele bila kukawia. Aliyegongwa tumboni anahitaji mahali penye vitu viwili: damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji kinachoweza kumzalisha usiku huo huo. Mjini, mahali pa kufikiriwa ni Hospitali Kuu ya Rejea ya Bunia au CME (Centre Médical Évangélique). Kwa walio upande wa kusini-magharibi iko Nyankunde, takriban kilomita 45 kutoka mjini, hospitali iliyovamiwa na kuharibiwa Septemba 2002 na baadaye ikafufuliwa.

Ujuzi wa majeraha si mgeni hapa. Mwaka 2003, vita vilipofika katikati ya mji, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali mahali palipoitwa Bon Marché na kupasua majeruhi wa risasi na mapanga. Tangu hapo Bunia haijapumzika na majeruhi. Mjamzito aliyeanguka na pikipiki huingia katika foleni hiyo, na kwa kuwa hatoki damu, huambiwa akae kwenye benchi. Sentensi moja ya msindikizaji inaweza kubadili mpango: "Ana mimba ya miezi saba, ameanguka saa mbili asubuhi, amegonga tumbo." Kadi ya CPN iwe mkononi.

Kabla ya kumhamisha mgonjwa, hospitali anakopelekwa ipigiwe simu kuuliza kama ina nafasi. Nairobi, Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alizungushwa hospitali kadhaa akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akakaa ndani ya ambulensi kwa zaidi ya masaa 18, na akafariki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ilikuwa tayari inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ambulensi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, kitanda hakikupatikana kwa wakati.

Majirani wameonyesha njia nyingine. Mjini Kampala, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu 307 wakiwemo polisi, viongozi wa mitaa na madereva wa teksi walifundishwa kuzuia damu na kumbeba majeruhi, kwa sababu wao ndio wanaofika kwanza. Tanzania ilianza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022 mpango wa m-mama: kwa mjamzito mwenye dharura hupigwa simu namba 115 bila malipo, na ambulensi ikikosekana huitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, ambaye hulipwa baada ya kumfikisha. Njia hiyo inaweza kufuatwa hapa pia: motari wa Bunia tayari wana vyama, na kila mtaa una maegesho yao.

Fakture

Sababu kubwa ya kutosubiri masaa manne ni pesa. Familia inajua kwamba katika hospitali nyingi za Kongo aliyetibiwa asiyelipa anaweza kuzuiwa asitoke, kwa hiyo inapima kila saa kwa falanga. Wakati huo mhusika wa ajali ameshapatana nao barabarani na kuondoka.

Tangu sheria namba 73/013 ya Januari 5, 1973, mwenye chombo cha moto analazimika kuwa na bima ya kufidia anaowadhuru. Kwa miaka mingi SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ndiyo iliyokuwa peke yake sokoni, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungulia mlango kampuni nyingine. Bima hiyo hailipi kwa maneno matupu. Inataka ripoti ya polisi wa barabarani, namba ya chombo, jina la dereva na cheti cha daktari chenye tarehe. Msindikizaji apige picha ya plaka kabla pikipiki haijainuliwa, hata kama wote wanasema hakuna aliyeumia. Tumbo likianza kuuma siku ya tatu, picha hiyo itakuwa ushahidi pekee uliobaki.

Kwa wanaosafiri kwa gari kwenda Komanda au Mahagi, mkanda hauachwi kwa sababu ya mimba. Ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo.

Mama akiruhusiwa kurudi nyumbani, aende na maelekezo haya: arudi mara moja, hata usiku, akiona damu au maji, tumbo likikaza au kuwa gumu, akihisi kizunguzungu, au mtoto akicheza kidogo kuliko kawaida yake. Ajali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati hata wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo tarehe na namna alivyoanguka viandikwe kwenye kadi ya CPN, na mkunga wa ziara inayofuata aonyeshwe mstari huo kabla hajaanza kupima.