Robin Roberts Alipandikizwa Uboho, Mbona Buda Wako Anaongezewa Damu Tu?
Robin Roberts, yule mtangazaji wa Good Morning America, alikuwa ashapiga saratani ya matiti, kisha MDS ikamshika 2012. Hapo uboho hutoa seli mbovu za damu. Sistake Sally-Ann akamtolea seli, na 2013 akarudi kazini.

Sasa usimlaumu daktari wa buda wako. Kwanza wanapima hatari: damu imeshuka aje, kromosomu ziko vipi, seli changa zimejaa kiasi gani kwa uboho. Hatari ikiwa kidogo, mara mob ni kuongezewa damu na sindano za kuamsha uboho. Ikiwa kubwa, azasitidini inaingia. Kupandikiza ndiko kunaweza kumaliza hii kitu kabisa, lakini pia kunaweza kuua, na wagonjwa wengi ni wazee. Buda wa miaka 78 akisema anataka damu tu akae na wajukuu, msikize.