Kabla hujagombana na kampuni ya intaneti, kagua redio ya ruta yako

Saa mbili usiku. Uko kwenye simu ya video na mteja wa Marekani, shati umelipiga pasi, kaptura haionekani. Ghafla uso wake unaganda. Umelipia intaneti, taa za ruta zinawaka vizuri, sasa shida ni gani?

Kama unaishi kwenye ploti ya ghorofa sita Pipeline au Roysambu, fungua orodha ya WiFi kwenye simu uhesabu majina. Kila jina ni redio inayotaka kuongea hewani. Nyingi hutumia masafa ya 2.4GHz, na huko chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ruta kumi zikiwa kwenye chaneli ya 6, lazima zisubiriane, kama abiria wanaong'ang'ania matatu moja mvua ikinyesha. Yule jirani aliyeweka ya 8 ndiye mbaya zaidi. Hapangi foleni, anapiga kelele tu katikati ya wengine.

Mimi nilimaliza miezi miwili nikifokea huduma kwa wateja, kumbe dawa ilikuwa hamia 5GHz. Chaneli ni nyingi huko, na udhaifu wake, kwamba haipenyi kuta vizuri, kwa mtu wa bedsita ni baraka: kelele za jirani hubaki kwake. Usidanganywe na ruta ya antena nne. Simu yako bado ina redio ndogo, na wewe utakuwa umeongeza tu kelele kwenye ploti.

Kubadilisha ni rahisi. Andika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, uingie upande wa WiFi.

Ukiwa humo, angalia nenosiri la msimamizi. Hili si lile la WiFi unalowapa mabeste. Kama bado ni "admin", yeyote uliyemwachia WiFi anaweza kuingia, akufungie nje, au aelekeze simu yako kwenye tovuti bandia ya benki. Libadilishe leo. Zima WPS, chagua WPA2 au WPA3.

Ukipata mipangilio imefungwa na kampuni, wapigie. Lakini usiseme "net iko slow". Waambie wakuhamishie chaneli, na uwatajie ni ipi.