Maniema: Seva mbili, diski moja, na hesabu za wagonjwa wa Lusangi

Kila mwisho wa mwezi, ripoti za vituo vya afya hufika kwa karatasi kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya ya Lusangi, huko Kabambare. Ni vilevile Kasongo na katika zoni zingine za Maniema. Mtumishi hufungua kompyuta, anaingiza hesabu: watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua. Programu inayopokea hesabu hizo ni DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wizara ya afya inaitumia kwa inchi nzima.

Je, seva ikizimika siku hiyo?

Swali si dogo. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6.000 Kongo, na ugonjwa kama huo huonekana kwanza katika hesabu. Kasongo yenyewe inajulikana kwa jambo hilo: mwaka 1981 gazeti la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Uliwezekana kwa sababu watoto walifuatiliwa na kuandikwa kwa uangalifu, zamani kabla ya kompyuta kufika huku.

Hospitali ama ofisi inayotaka seva isiyolala hununua mbili na kuziunganisha na diski moja ya pamoja. Seva ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja. Kila sekunde chache zinapeana ishara, kama mapigo ya moyo. Mapigo yakinyamaza, ya pili inashika diski, inachukua anwani ya mwenzake na kuendelea. Mtumishi anaona programu imekwama kidogo, kisha inarudi.

Hatari inaanza hapa. Mapigo yanaweza kunyamaza kwa sababu kebo kati yao imekatika, na seva zote mbili bado ni nzima. Kila moja inaamini mwenzake amekufa. Zote zinaandika kwenye diski ileile, na data zinaharibika. Ni kama machifu wawili katika kijiji kimoja, kila mmoja anapiga muhuri kwa karatasi za shamba lilelile.

Ndiyo maana seva inayochukua kazi inapaswa kwanza kuhakikisha mwenzake amezimwa kabisa, kwa kumkatia umeme. Wahandisi wanaita hiyo, kwa utani, kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Kwetu Maniema utani huo hauchekeshi sana. Inahitajika pia sauti ya tatu, kompyuta ndogo ama diski ndogo ya shahidi, kwa sababu wawili wakibishana hakuna aliye na kura nyingi.

Muuzaji wa vifaa hatakosa kusifu seva mbili. Mimi ningemuuliza juu ya diski. Ikiungua, seva zote mbili zimebaki mikono mitupu. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa wameweka nakala zao katika jengo hilohilo walipoteza vyote. Tena, mtumishi akifuta ripoti ya mwezi kwa makosa, seva ya pili itaonyesha kwa uaminifu kwamba imefutwa. Nakala ya kila usiku, inayolala katika nyumba nyingine, ni kazi tofauti na haichukuliwi na seva ya pili.

Halafu umeme. Sehemu nyingi za Kabambare zinaishi kwa paneli za jua na jenereta. Seva mbili kwenye batri moja zitazimika pamoja, dakika ileile. Kila moja inataka batri yake na inverta yake, na diski iwe na njia mbili za umeme. Pesa zisipotosha, afadhali seva moja yenye batri nzuri na nakala ya usiku kuliko mbili zinazotegemea waya mmoja.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwombe jambo moja, siku ya kazi kidogo: achomoe waya wa umeme wa seva ya kwanza mbele yenu, kisha siku nyingine kebo ya mapigo. Mtumishi awe anaingiza hesabu wakati huo, na mwingine ashike saa.