Maradhi ya Nafsi Hayana Aibu: Funzo Litokalo Kashasha

Mtu akivunjika mguu, jamaa zake humpeleka hospitali mchana kweupe, na majirani huja kumpa pole. Mtu huyo huyo akikosa usingizi mwezi mzima, akaacha kula na kulia pasipo sababu inayoonekana, jamaa hao hao humficha chumbani. Tofauti hiyo haitokani na ugonjwa wenyewe bali na fikra zetu juu yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikra hizo hazina msingi katika sayansi. Tutaanza na tukio la mkoani Kagera, ambalo yafaa walimu na wanafunzi wa Bukoba na Muleba walifahamu.

Tukio la mwaka 1962

Tarehe 30 Januari, 1962, majuma machache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha, yapata kilometa 40 kutoka Bukoba, walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kikatulia, kisha kikarudi tena. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tarehe 21 Mei, wanafunzi 57 waliugua, ikalazimika kufungwa tena. Wakati huo wasichana walikuwa wamekwisha kurudi makwao, na hali hiyo ikazuka huko pia. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao wakiwa vijana. Katika shule ya wasichana ya Ramashenye, kama taarifa ya wakati huo ilivyoliandika jina hilo, pembezoni mwa mji wa Bukoba, waliugua wanafunzi 48 kati ya 154.

Waganga wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walilichunguza jambo hili na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Walitafuta sumu katika chakula, wakapima damu na maji ya uti wa mgongo, lakini hawakuona dalili ya vijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Hatimaye waliamua kwamba ulikuwa ugonjwa wa histeria uliosambaa katika kundi la watu. Wananchi waliuita ugonjwa wa kucheka; wengine waliuita akajanja, yaani wazimu.

Je, walikuwa wakijifanya?

Mara nyingi mtu akisikia kwamba vipimo havikuonyesha kitu, husema mgonjwa anajifanya. Hilo ni kosa la kwanza. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini au figo, na unatawala viungo vingine. Mtu anapokabiliwa na hofu, ubongo hupeleka amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina katika damu homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Hofu ya muda mfupi hupita na mwili hutulia. Lakini dhiki inayodumu, bila mahali pa kuisemea, huuchosha mwili na kuvuruga usingizi, hamu ya chakula na uwezo wa kukumbuka. Watafiti wa baadaye wamedhani kwamba wasichana wa Kashasha walikuwa na dhiki ya aina hiyo, iliyotokana na masharti ya shule na mabadiliko makubwa ya wakati ule. Walichokipata kilikuwa cha kweli, ijapokuwa hapakuwa na kidudu cha kukionyesha katika hadubini.

Kosa la pili ni kuyaweka maradhi yote ya akili katika kapu moja liitwalo kichaa. Yako mengi, na yanatofautiana kama malaria inavyotofautiana na kifua kikuu. Wengi huugua sonona au wasiwasi, wakaendelea kulima, kufundisha na kulea watoto huku wakiumia ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1919 ulipopita karne moja, yaani mwaka 2019, mtu mmoja katika kila watu wanane duniani alikuwa na tatizo la aina hii. Kwa hiyo, katika darasa la wanafunzi 40, haistaajabishi kumkuta mmoja au zaidi mwenye kuhitaji msaada.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kutibiwa kwa mazungumzo ni desturi ya Wazungu isiyotufaa sisi. Jibu lake liko karibu, ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula.

Ushahidi wa Masaka na Rakai

Wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, ziliumizwa sana na UKIMWI, kama ilivyoumizwa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Watafiti waliokwenda huko waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe huzuni yao wanaiitaje, wakapata majina ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Kisha walichagua vijiji 30. Katika baadhi yake, wakazi wa huko huko walifundishwa kuongoza vikundi vidogo vilivyokutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Wanakikundi walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha, wakashauriana la kufanya. Vijiji vilivyobaki vilitumika kwa kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji vingine, asilimia 54.7. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuitwa bahati. Tena ililetwa na wanakijiji waliofundishwa, wakitumia lugha yao wenyewe.

Wajibu wa shule

Ieleweke kwamba mazungumzo hayatibu kila kitu. Yako maradhi yanayohitaji dawa, na anayesikia sauti zisizokuwapo au anayetaka kujidhuru apelekwe hospitali bila kuchelewa. Hata hivyo, hatua ya kwanza ni moja kwa wote: mgonjwa apate mtu wa kumwambia.

Mwalimu wa Hamugembe au wa Muleba anaweza kuanza leo. Amtazame mwanafunzi aliyekuwa hodari na sasa anashuka, au aliyekuwa mchangamfu na sasa hujitenga. Amwite faraghani, amsikilize bila kumkemea, asiitangaze siri yake isipokuwa kwa kumwokoa, kisha amwelekeze kwa mshauri au mganga. Wanafunzi nao waache kumwita mwenzao kichaa, kwa sababu jina hilo ndilo humfanya afiche maumivu yake mpaka yamshinde. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Onyo hilo linahusu maradhi ya nafsi sawasawa na yale ya mwili.