Picha ya mifupa kwa dawa ya nyuklia: Kwa nini mgonjwa wa Katavi huifuata mbali?

Mgonjwa wa saratani ya matiti au ya tezi dume anaweza kupimwa damu na kupigwa eksirei hapa Mpanda, kisha daktari akamwandikia rufaa ya kwenda kupigwa picha ya mifupa kwa dawa ya nyuklia. Moja ya sehemu zinazotoa huduma hiyo nchini ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam. Iwe kwa treni au kwa basi, safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Ndipo ndugu wanapouliza: ameshapigwa eksirei, picha nyingine ya nini? Na hiyo nyuklia si ndiyo ya mabomu?

Tofauti yake na eksirei

Katika eksirei, mashine hupitisha mionzi mwilini kutoka nje, na picha huonesha umbo la mfupa: umevunjika, umepinda au umeliwa. Katika kipimo cha nyuklia, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Dawa hiyo huenda kwenye mifupa, na hujikusanya zaidi pale ambapo mfupa unajijenga au unasumbuliwa na ugonjwa. Baada ya saa mbili hadi nne, mgonjwa hulala kitandani na kamera maalumu hupokea mionzi inayotoka mwilini mwake. Kamera yenyewe haitoi mionzi.

Saratani iliyofika kwenye mfupa inaweza kuonekana kwa kipimo hiki mapema kuliko kwa eksirei, kwa sababu eksirei husubiri mpaka mfupa uwe umepoteza madini mengi. Jibu hilo linaweza kubadilisha matibabu. Saratani iliyobaki sehemu moja huenda ikafanyiwa upasuaji, lakini ikiwa imesambaa, mpango huwa mwingine. Bila kujua, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji usiomsaidia.

Kwa njia hiyo hiyo, zikitumika dawa tofauti, madaktari hupima jinsi kila figo inavyofanya kazi, jinsi damu inavyofika kwenye misuli ya moyo, na jinsi tezi ya shingo inavyofanya kazi kwa mtu mwenye uvimbe shingoni.

Kwa nini dawa isiletwe Mpanda?

Dawa inayotumika zaidi hutengenezwa kwa madini ya mionzi yaitwayo teknishiamu, ambayo kila baada ya saa sita hupoteza nusu ya nguvu zake. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi una sehemu 100. Saa sita mchana zimebaki 50, saa kumi na mbili jioni 25, na saa sita usiku 12 na nusu. Kesho yake asubuhi zimebaki sehemu sita na kidogo. Huwezi kuiweka stoo kama panado.

Kwa hiyo hospitali hununua chombo chenye madini mengine, molibdenamu, ambayo hugeuka taratibu kuwa teknishiamu. Wataalamu huitoa dawa humo kama mfugaji anavyokamua ng'ombe: wamekamua leo, kesho kuna nyingine. Lakini ng'ombe huyu hukauka haraka. Molibdenamu nayo hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya saa 66 hivi, kwa hiyo chombo hutumika kwa muda wa wiki moja hivi na kingine huagizwa, kwa kawaida kutoka nje ya nchi kwa ndege. Hapo bado kamera, chumba maalumu na wataalamu.

Je, ni salama?

Kipimo hiki hakihusiani na bomu. Kiasi cha mionzi anachopata mgonjwa hukaribiana na kile cha kipimo cha CT scan, na kule kupungua haraka kunakotuzuia kuileta dawa Mpanda ndiko kunakomlinda mgonjwa. Dawa nyingine hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara na anawe mikono vizuri. Kwa saa chache asipakate watoto wadogo wala kukaa karibu sana na mjamzito.

Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla ya sindano. Anayenyonyesha naye aseme, aelekezwe kama anatakiwa kusimamisha kunyonyesha na kwa muda gani.

Kabla hujapanda treni

Piga simu hospitali unakokwenda, au omba daktari wako akupigie, kuhakikisha kwamba siku hiyo dawa ipo. Chombo kikichelewa kufika, vipimo vinaweza kuahirishwa, na mtu wa kutoka Mlele au Tanganyika atajikuta akilipia malazi ambayo hakuyapangia. Uliza pia gharama, kama bima yako inalipia, na kama kuna dawa ya kusimamisha kwanza, hasa kwa kipimo cha tezi ya shingo.

Beba barua ya rufaa, picha za eksirei na majibu yote ya zamani. Mweleze daktari kama uliwahi kuanguka na bodaboda, kuvunjika au kuumwa viungo. Alama kwenye picha si lazima iwe saratani. Mfupa uliovunjika zamani au goti lenye baridi yabisi nalo huweza kuonekana, na daktari asiyejua historia yako atalazimika kukuongezea vipimo vingine.

Ukishapewa majibu, omba nakala urudi nayo. Daktari wako wa Mpanda ataihitaji kuendelea na matibabu.