Sarafu, Kima na Hatari: Maelezo juu ya Maneno ya Ubadilishaji wa Fedha

Sarafu na sarufi ni maneno ambayo msomaji wa Kiswahili hayadhanii kuwa jamaa, lakini yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza. Sarufi ni elimu ya namna neno linavyogeuka. Sarafu ni kipande cha fedha, na jina lake latokana na kazi ya mbadili fedha, aliyegeuza fedha ya nchi moja kuwa fedha ya nchi nyingine. Katika ukoo huo limo pia neno masurufu, yaani matumizi ya safari. Yafaa asili hii ikumbukwe, kwa sababu maandishi ya siku hizi juu ya soko la fedha za kigeni yamejaa istilahi zilizotungwa kwa haraka, na aghalabu istilahi hizo huficha jambo lenyewe. Jambo hilo laweza kuelezwa kwa maneno yaliyomo tayari katika lugha, na mfano ulio bora ni kisa cha rupia katika Afrika ya Mashariki mwaka 1920.

Kwanza hapana budi kutenganisha kima na thamani. Katika Kiarabu, neno lililozaa thamani lilikuwa na maana ya bei waliyopatana muuzaji na mnunuzi, na neno lililozaa kima lilikuwa na maana ya kadiri ambayo kitu chastahili. Katika Kiswahili maana hizo karibu zimebadilishana mahali. Thamani imekuwa kustahili kwa kitu, na kima kimekuwa kiasi kinachohesabika, kama isemwavyo kima cha chini cha mshahara. Tofauti hii ni chombo chenye manufaa. Rupia elfu moja ni kima. Nguo, nafaka au pauni zipatikanazo kwa rupia hizo ndizo thamani yake. Kima huandikwa katika hati ya deni, nacho hakibadiliki hata deni lilipwe. Thamani haimo katika hati, nayo hubadilika kila siku.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Unguja walitumia reale ya Maria Theresa, ambayo asili yake ni Austria, pamoja na rupia na pesa za shaba kutoka India, na idadi ya pesa kwa reale moja haikuwa ile ile siku zote. Baadaye, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, rupia iligawanywa kwanza kwa pesa 64, kisha mwaka 1904 ikagawanywa kwa heller 100. Ndiyo asili ya neno hela, ambalo limeishi miaka mingi kuliko sarafu yenyewe. Na neno fedha ni jina la madini kabla ya kuwa jina la mali. Katika maana hiyo ya kwanza ndimo kilimoanzia kisa cha rupia.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia ya India ndiyo iliyotumika Uganda na katika nchi ambayo tangu 1920 huitwa Kenya. Ilikuwa imeshikizwa kwa shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani rupia 15 kwa pauni moja. Wakati wa vita bei ya madini ya fedha ilipanda sana, na rupia, kwa kuwa ilitengenezwa kwa madini hayo, ikapanda pamoja nayo. Ilipofika mwanzo wa 1920 ilikuwa imepita shilingi 2. Ndipo serikali ya Uingereza ilipoamua kuikaza katika Afrika ya Mashariki kwa shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Mwaka huo huo florini ilitolewa badala ya rupia, na mwaka 1921 shilingi ikatolewa badala ya florini, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa London mwaka 1919.

Na uchukuliwe mfano wa mlowezi aliyekopa rupia 1,500 zamani za rupia 15 kwa pauni. Alipokea fedha zenye thamani ya pauni 100. Kahawa yake iliuzwa London, naye alilipwa kwa pauni. Mwaka 1920 kima cha deni lake kilikuwa rupia 1,500 kama kwanza, bali sasa alihitaji pauni 150 ili kulilipa. Hakuongeza mkopo hata rupia moja, lakini mzigo wake ulizidi kwa nusu. Kinyume chake, mtu aliyekuwa na akiba ya rupia na deni la pauni alipata faida bila ya kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo yaonekana kwamba hatari haimo katika sarafu yenyewe. Imo katika hali ya mtu apataye kwa fedha moja na kudaiwa kwa fedha nyingine, na katika muda upitao baina ya kukopa na kulipa.

Uzito wa hesabu hiyo haukubaki mabegani mwa wakopaji peke yao. Bei za mazao nazo zilianguka, na mwaka 1921 walowezi wa Kenya waliazimia kupunguza mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja. Malalamiko juu ya azimio hilo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyokipa nguvu chama cha Harry Thuku mwaka ule ule. Kibarua hakuwa amekopa benki, wala hakuuza kitu London. Hata hivyo sehemu ya hasara ilitafutwa kwake. Tena senti ya florini ilikuwa mara mbili ya senti ya shilingi: jina ni moja, thamani ni mbili.

Siku hizi soko la fedha ni kubwa kupita kiasi. Mwezi Aprili 2022 Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, ilikadiria kwamba fedha zilizobadilishwa kwa siku moja zilifika dola trilioni 7.5. Sehemu ya biashara hiyo ni ya kujikinga. Mtu anayetazamia kulipa dola mwakani aweza kuafikiana leo na benki juu ya bei atakayozinunulia, na bei hiyo yaweza kuitwa bei ya ahadi, ili kuipambanua na bei ya papo hapo. Bei ya ahadi si utabiri, bali hutokana na riba. Kwa mfano, ikiwa dola ni shilingi 130 leo, riba ya shilingi ni asilimia 12 kwa mwaka na ya dola ni asilimia 4, basi shilingi 130 zitakuwa 145.60 baada ya mwaka, na dola moja itakuwa 1.04. Ukigawanya, bei ya ahadi ni shilingi 140. Anayejikinga haepuki gharama. Anaijua mapema tu.

Asiyejikinga hurudi katika kisa cha rupia. Mwezi Juni 2014 serikali ya Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya nje, na sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa ya kulipwa Juni 2024. Dola moja ilipatikana wakati wa kukopa kwa shilingi zipatazo 88. Mwezi Januari 2024 ilihitaji karibu shilingi 160. Kila dola milioni moja ya deni, iliyokuwa shilingi milioni 88, ilikuwa sasa shilingi milioni 160, na kodi za wananchi hukusanywa kwa shilingi. Mwezi Februari serikali ilikopa upya ili kununua sehemu ya deni lile, na kufikia katikati ya mwaka dola ilishuka hata karibu na shilingi 130. Kima cha dola hakikubadilika wakati wowote.

Kutokana na hayo yafaa maneno matatu yapewe mipaka. Hasara ni jambo lililokwisha kutukia. Kihatarishi, neno litumiwalo sana katika maandishi ya serikali ya Tanzania, ni kile kiwezacho kulileta, kama kupanda kwa dola. Hatari ni hali ya kuwa wazi mbele ya kihatarishi hicho, kabla haijajulikana kama mwisho wake ni hasara au faida. Katika Kiarabu neno hilo lilichukua pia maana ya dau liwekwalo mashindanoni, kwa hiyo maana hii si ngeni kwake. Watunga kamusi wakiitenga hatari na hasara, na kima na thamani, msomaji wa hati ya deni ataweza kuuliza mapema maswali yaliyo ya lazima: kima kimetajwa kwa fedha ya nani, kitalipwa lini, na mlipaji hupata fedha gani.